Nasubiri Simu kutoka Kinyasini

Ijumaa, Ramadhani, saa nne na nusu asubuhi. Joto.

Kaskazi ya mwaka huu haina huruma. Jua halijafika hata utosini na bati la banda langu hapa Kikwajuni tayari linalia. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, simu iko pajani, koo limekauka tangu alfajiri. Gari mbili zinanisubiri na sijazigusa.

Nasubiri mteja wangu Mzee Haji apige akishapita Kinyasini, akija mjini. Akisema lile aliloniambia mara tatu mwezi huu, basi nafunga banda hili nikauze kashata.

Nasema kweli, naogopa.

Kwa usiyenijua: mimi ni fundi wa AC za magari, miaka ishirini na kitu sasa. Blogu hii alinifungulia binti yangu baada ya mama yake kulalamika kwamba nikiudhika sisemi, nanuna tu, na nyumba nzima inanuna pamoja nami. Nyumbani kwangu hakuna AC. Feni ya chumbani imevunjika bawa tangu mwezi wa Rajabu na mke wangu ameacha kunikumbusha. Kinyozi hajinyoi.

Msimu huu nimechoka kuliko misimu yote. Kila gari inayoingia hapa, dereva hajazima injini anatoa kichwa dirishani: "Fundi, nitilie gesi." Hakuna anayesema nitazamie. Kisiwa kizima kinaamini kwamba gari ikitoa joto dawa yake ni gesi, kama zamani kila homa ilivyokuwa malaria. Zamani nilikuwa nabishana nao. Mwaka huu, kwa saumu na uchovu, nimeacha kubishana. Kuunganisha geji za kupimia gesi na kufungua chupa yake ni kazi ya kukaa kitako. Kufungua dashibodi ni kazi ya nusu siku, umelala chali kwenye sakafu ya gari, jasho linaingia machoni na huwezi hata kulamba mdomo.

Kwa hiyo nikawa natia gesi.

Mzee Haji ni mtu wa Matemwe. Alikuwa fundi cherahani, na wapo watu wa makamo kule ambao kanzu yao ya kwanza aliishona yeye. Sasa mikono inamtetemeka, cherahani amekifunika. Watoto wake wamemnunulia gari ndogo nyeupe kwa kazi moja tu, kumpeleka mama yao hospitali ya mjini kusafishwa damu kwa mashine. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkewe ni Bi Mwajuma, aliyelima mwani maisha yake yote mpaka figo zikamgomea.

Bi Mwajuma amekatazwa maji. Si kabisa, lakini karibu na kabisa. Figo hazitoi tena, kwa hiyo anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Anapimiwa kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na vya siku nzima ukivimimina pamoja havijazi glasi mbili. Sisi tunafunga mwezi mmoja, na magharibi ikiadhiniwa tunalipiza. Yeye huu ni mwaka wa pili na hakuna wa kumuadhinia.

Ndiyo maana AC ya gari ile si anasa. Joto likimzidi, kiu humzidi. Kiu ikimzidi, hunywa. Akinywa, maji humkaa kifuani akashindwa kupumua. Haya yote Mzee Haji alinieleza siku ya kwanza aliponiletea gari, taratibu, kama mtu anayeeleza vipimo vya nguo.

Akaniambia na jambo jingine. "Fundi, tukitoka nyumbani inapoa vizuri kabisa. Tukifika Kinyasini upepo unakufa. Na tukirudi, tukitoka mjini inapoa tena, tukifika Mahonda upepo unakufa."

Niliunganisha geji. Upande wa presha ya chini ulisoma kidogo. Gesi imeshuka, nikamwambia. Nikaongeza, baada ya dakika tano gari ikawa baridi, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Baada ya siku chache akarudi. Nikaongeza tena.

Mara ya tatu alianza hadithi yake ile ile, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeamka bila daku. Nilimkatiza. "Mzee Haji, AC haijui Kinyasini wala haijui Mahonda." Waliokuwepo bandani wakacheka. Naye alicheka kidogo, kwa adabu zake, mtu mwenye umri wa baba yangu. Nilijiona nimesema la maana.

AC ilikuwa inajua, na asiyejua ni mimi.

Jumanne alikuja peke yake, kwa miguu kutoka hospitali. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anatafuta pa kukaa. Akanieleza kuwa jana yake, wakirudi, upepo ulikufa Mahonda kama kawaida. Walifungua vioo, joto likaingia na vumbi. Yeye alikuwa na chupa kubwa ya maji aliyonunua kwa ajili ya futari yake, ameiweka kiti cha nyuma. Bi Mwajuma aliigeukia, akaichukua, akainywa yote. Usiku wakamrudisha hospitali akiwa hawezi kulala chali, na huko ndiko Mzee Haji alikoamkia.

"Sasa hajambo," Mzee Haji alisema. "Nimekuja kukwambia tu, fundi, kama bado inakufa."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenitukana, maana matusi ningejua namna ya kuyajibu. Alikaa na mimi kidogo, akaaga, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika spana na sikumbuki nilikuwa nataka kufungua nini.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri, na nilipaswa kufikiri mara ya kwanza. Matemwe mpaka Kinyasini ni kama nusu saa, kwa mwendo wa Mzee Haji. Mjini mpaka Mahonda nayo ni kama nusu saa. Kitu kinachokufa baada ya nusu saa ukitokea upande wowote, kikapumzika wakiwa hospitali, kikafufuka, hakina upungufu wa gesi. Gesi ikivuja hairudi yenyewe. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angelijua hilo. Na kwangu bandani hitilafu isingeonekana kamwe, kwa sababu mimi nilikuwa naijaribu gari dakika tano, naipigapiga boneti, nasema tayari.

Jumatano nikafunga banda mapema, nikaenda kuwangoja nje ya hospitali. Nilipanda kiti cha nyuma. Bi Mwajuma alikuwa mbele, amejilaza, mwembamba ndani ya buibui, mkono uliochomwa sindano ameukumbatia. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya udi, tena udi wa maana, si ule wa kununua kwa pakiti. Nilidhani ni wa nguo zake.

Mwanzo ilipoa. Nikaweka kiganja mbele ya tundu la katikati na sikukiondoa. Tulipopita Mwera... la, hatukupita Mwera, nachanganya kwa njaa, ile si njia yake. Tulipovuka Mtoni upepo ulikuwa mzima. Baadaye kidogo ukaanza kupungua. Baridi ilikuwepo, lakini pumzi ilikuwa inakatika, na feni nyuma ya dashibodi ikinguruma kwa nguvu zile zile. Mahonda tulipofika, palikuwa pamebaki pumzi ya mtoto aliyelala.

"Simamisha, Mzee."

Nikafungua boneti. Bomba linaloingia ndani ya gari lilikuwa limevaa barafu nyeupe kama ukuta wa friza ya muuza aiskrimu. Nililitazama nikasema astaghfirullah, na sikuwa naliambia bomba. Baridi ipo tele, tena imezidi. Kilichokosekana ni hewa ya kupita. Hewa isipopita, ile rejeta ndogo ya ndani inayopoza hewa inaganda, ikishaganda inaziba kabisa, na gari ikikaa barafu inayeyuka na mambo yanaanza upya. Ndiyo maana hata geji ilisoma kidogo. Mimi nikaona kidogo, nikaongeza gesi, nikaipa AC mzigo juu ya mzigo.

Adhana ya magharibi ikalia. Watu wa msikiti wa pale kando ya njia wakatuletea sahani kama wanavyowaletea wasafiri wote, tende, kachori na chupa za maji. Mzee Haji akafungua kwa tende na funda la maji, akaenda kusali. Mimi nilibaki ili Bi Mwajuma asikae peke yake, chupa iko mkononi, yeye ananitazama. Tende nazo kakatazwa.

Sikuweza kuifungua.

"Kunywa, mwanangu. Kushaadhiniwa."

"Nitakunywa, Bi Mwajuma."

"Lini? Ukifa na kiu hapa, gari hii nani atantengenezea?"

Nikampa mgongo, nikanywa. Nilikuwa na kiu ya siku nzima na maji yale hayakuwa na ladha yoyote.

"Hata ukinipa mgongo nnakusikia unavyogugumia," alisema, akacheka, na alipocheka alikohoa.

Nikapiga magoti upande wake, nikafungua kisanduku cha mbele ya abiria. Nyuma yake kuna filta ya hewa. Inashikwa na vishikizo viwili vya plastiki, haihitaji hata bisibisi. Nikaivuta. Ilitoka nyeusi, inanata, nzito, ina masizi na mafuta, na katikati vipande vya asumini vilivyokauka. Ilinukia kama nyumba ya harusi.

"Nini hicho?"

"Udi, Bi Mwajuma."

Nakiri hapa, kwa sababu blogu hii ndipo mahali pa kukiri. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha. Kumbe si mimi! Ni wenyewe na udi wao. Raha yenyewe haikudumu hata kumaliza tende. Vishikizo viwili. Gari ilifika mikononi mwangu mara tatu, na sikuvifungua hata mara moja.

Bi Mwajuma aliitazama filta kwa muda, halafu akatazama msikitini.

"Haji asijue."

Nikamuuliza kwa nini. Aliongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Pua yangu haisikii kitu tokea nilipoanza mashine. Si udi, si samaki anayeungua. Lakini kila siku ya safari Haji huamka kabla yangu, akatia makaa kwenye chetezo, akakiweka ndani ya gari, akafunga vioo na kuwasha feni, moshi uingie kila pembe. Ati nisinuke hospitali. Nguo zangu zote alikuwa akinshonea yeye. Sasa mikono ndiyo hiyo. Hili ndilo alilobaki nalo la kunfanyia. Ukimwambia ndilo lililontia joto, utakuwa ushammaliza."

Mzee Haji akarudi anafuta miguu mchanga. Nikamwambia, kosa ni langu, Mzee, filta iliziba tokea mara ya kwanza na mimi sikuifungua, nilikuwa natia gesi tu. Kila neno hapo ni la kweli. Akauliza imezibwa na nini.

"Vumbi," nikasema.

Saumu yangu ya Jumatano nimeifuatisha na uongo, kabla hata sijapata uji. Mungu anisamehe.

Tuliacha barafu iyeyuke, gari ikaendelea na safari bila filta, upepo ukatoka, si haba. Mimi nikatafuta gari ya kurudi mjini na ile filta nimeifunga ndani ya gazeti.

Jana, Alkhamisi, Mzee Haji akaniletea gari asubuhi. Nikafungua dashibodi, nikalala chali kama ninavyostahili. Rejeta ya ndani ilikuwa imepakwa utomvu mweusi, mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yamegandamana. Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na brashi laini, nikairudia mpaka nikasahau mara ngapi. Maji yalitoka meusi kama ya kusuuzia dele la kahawa. Banda zima likanukia, jirani akapita akauliza nani anaoa mwezi wa Ramadhani. Nikaitoa gesi yote niliyoizidisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikaitia upya kwa mizani, kama inavyotakiwa, kama nilivyofundishwa, kama nilivyokuwa nikifanya kabla sijawa mtu wa kukaa kitako.

Wakati wote huo Mzee Haji alikaa kwenye benchi, na mimi ndani ya gari nikitunga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba filta mpya niliyomwekea haipendi moshi wa aina yoyote, ni maumbile yake tu, kwa hiyo kama kuna kufukiza basi afukize kanga za Bi Mwajuma nyumbani. Uongo wa pili, lakini wenye faida.

Nilipotoka nikamkuta amesimama kwenye meza yangu ya kazi. Gazeti limefunguliwa. Ile filta ameishika kwa mikono miwili, na mikono ile inavyotetemeka, masizi yalikuwa yanamdondokea kwenye kanzu. Aliinua, akainusa.

Kwa nini sikuitupa? Sijui. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Vumbi, ulisema," akaniambia.

Nikasogea karibu nikidhani anataka kuanguka.

"Bi Mwajuma asijue," alisema. "Ntakuomba hilo moja tu, fundi. Anaupenda udi huu. Kila akiingia garini huvuta pumzi, akanambia leo umepatia, Haji. Raha ndiyo hiyo moja iliyombakia. Akijua ndiyo iliyomdhuru, ataniambia niache."

"Naam, Mzee," nikasema.

Mwanamke asiyesikia harufu anavuta pumzi na kusifu udi, ili mumewe awe na kazi. Mume anafukiza udi ili mkewe awe na raha. Na mimi katikati yao, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kukohoa, kwa kuwa koo lilikuwa kavu.

Nikamwambia habari ya kanga. Afukize kanga, si gari. Atandaze juu ya tenga, chetezo chini, kama zinavyofukizwa nguo za bibi harusi. Bi Mwajuma garini ajifunike kanga, harufu itakuwa naye njia nzima. Mzee Haji alifikiri kidogo, akaniuliza kanga za pamba au hata zile za kuchanganya, maana pamba hushika udi zaidi. Fundi cherahani ni fundi cherahani. Nikamwambia za pamba. Akaikunja ile filta ndani ya gazeti, akaondoka nayo, na sijui kaitupa wapi.

Nimefika hapa kuandika na saa tano imepita. Simu kimya. Kutoka Matemwe wametoka saa nne u nusu, kwa mujibu wake, na mwendo wake si wa kukimbia. Nimeshajiambia kwamba labda hakuna mtandao. Nimejiambia pia kwamba labda rejeta nimeirudisha vibaya, labda kuna kitu cha pili nyuma ya hiki cha kwanza. Ndivyo zilivyo gari, na mimi sina nguvu ya kuanza upya leo.

Mwenye gari ya kwanza kati ya hizi mbili ameshapiga honi mara mbili.

*

Amepiga.

Alisimamisha kando kabisa ya njia ndipo akapiga, mtu na heshima zake. "Fundi, Kinyasini tushaipita. Tupo Mahonda sasa."

"Upepo?"

Nadhani aliisogeza simu kwenye tundu la upepo, kwa sababu nikasikia kishindo cha feni, mfululizo, kipana, na juu yake sauti ya Bi Mwajuma inagomba.

"Haji, punguza hicho kitu chako, nnaona baridi. Na hiyo kanga nipe, nijifunike."

Akakata bila kuaga. Nimekaa juu ya ndoo kidogo zaidi, nikaifuta simu masizi. Halafu nimeinuka, magoti yakalia yote mawili, nikaenda kwenye gari ya kwanza. Dereva ametoa kichwa dirishani, jasho linamtoka.

"Fundi, nitilie gesi tu, nna haraka."

Nimemwambia azime injini, ashuke, akae kwenye benchi kivulini. Geji nimeziacha zilipo.

"Haya, nihadithie," nimemwambia. "Inakufia wapi?"